Kikapu cha Mama Hotelini

Mama yangu hajawahi kwenda kwa mtu mikono mitupu, kwa hiyo hata hotelini alikwenda na kikapu. Ndani aliweka vichane vya ndizi alizozikata mwenyewe kibanjani asubuhi ile, maharage, dagaa wa Bumbire waliofungwa kwenye gazeti, na kifurushi cha jani la mgomba chenye akamwani, zile buni za kutafuna tunazompa mgeni kabla hata ya kumwuliza kilichomleta. Kwenye gari nilimwambia, "Mama, hotelini kuna chakula." Akanitazama kwa huruma.

"Nani kakwambia nawapelekea kwa sababu wana njaa?"

Siku ile nilikuwa na jambo kubwa kuliko dagaa. Nyumba ya mama iko Muleba, na paa lake lilikuwa limechoka kuliko sisi sote. Mabati yale marehemu baba aliyanunua kwa kahawa yake, akayapigilia mwenyewe kabla mimi sijazaliwa, na mama aliyaacha yazeeke kwa heshima zote. Kila tundu lilikuwa na sufuria yake, na ole wako uchukue sufuria ya sebuleni ukakingie maji ya chumbani. Masika yaliyopita tundu jipya lilifunguka juu ya kitanda chake. Hakumwambia mtu. Alisogeza mto, akalala upande wa pili, na tulipokuja kumchukua alikuwa anapumua kwa shida. Daktari alitueleza bila kuzunguka: kifua kile hakitavuka masika mengine ndani ya unyevu ule.

Alipopona tulimwomba tubadilishe paa. Akakataa. Tukamletea fundi, akamlisha fundi vizuri, akamsindikiza hadi njiani, akarudi ndani. Ndipo kaka yangu mkubwa, mtu wa kanisa ambaye hata utani wa uongo hapendi, akasema, "Basi tumtoe yeye kwanza." Mipango ikawa hivi: mimi nitoke Mwanza na binti yangu wa darasa la kwanza, mtoto aseme anataka kulala hotelini na bibi yake, halafu kaka aingie na mafundi. Kwa ndugu tusingeweza kumpeleka. Yeye na dada yake wa Buhembe wanapendana sana, lakini hawajawahi kumaliza siku bila mmoja kufunga virago. Hoteli mpya ya pale Bukoba mjini, ile ya vioo inayotazama ziwa, ilisifiwa kwamba inahudumia familia vizuri mno na haimwachi mgeni apungukiwe na kitu. Nilifikiri hilo litanisaidia.

Mapokezi palikuwa na binti mmoja nadhifu, na nyuma yetu foleni ya watu wenye mabegi ya magurudumu. Mama hakuiona foleni. Alimsalimia yule binti kama watu wanavyosalimiana, akamwuliza kwao, yeye akasema Kashozi, mama akauliza ni ukoo gani, wazazi wazima, migomba inaendeleaje, mnyauko umefika huko au bado. Binti alijibu yote akitabasamu, huku mkono mmoja ukitafuta funguo. Kisha mama akanyanyua kikapu, akakiweka juu ya meza ile ya marumaru.

"Hiki ni chenu."

"Wakora, mama, asante," binti akajibu. "Tumekipokea."

Mama akaniangalia kwa ushindi. Wamepokea, maana yake ameshakuwa mgeni wa watu, si mpita njia.

Chumbani, juu ya kitanda, tulikuta taulo limekunjwa likawa bata. Mama alikataa katakata kulivunja. Alisema kuna mtoto wa mtu amelihangaikia. Alijifutia kanga yake siku zote tulizokaa, na bata akalala kwenye kiti. Binti yangu aliletewa kanzu ndogo ya kuogea na ndara zinazomtosha, akawekewa kitanda chake pembeni, akaulizwa anapenda juisi gani. Watu walikuwa wanabisha hodi kila mara. Mama unahitaji maji? Mama, mto mmoja unatosha? Mama, tukuletee blanketi? Na kila aliyebisha, mama alimwinukia, akamkaribisha kiti, akamwambia asiondoke mdomo mkavu. Alikuwa amebakiza akamwani kidogo kwenye fundo la kanga. Kijana wa mataulo alikaa kwenye ukingo wa kochi akitafuna buni, akimsimulia mama habari za mchumba wake, hadi simu yake ya kazini ikaanza kumtafuta.

Palikuwa pia na dada wa kuwachezesha watoto kwenye bwawa lao dogo. Mama hakuweza kuamini kwamba mtu mwenye akili anamkabidhi mtoto kwa mgeni kisha anakwenda kupumzika. Akateremka na mjukuu wake. Akakaa kwenye kiti cha plastiki chenye picha ya samaki, gauni lake la kitenge limejaa kiti chote, akawa anawahesabu watoto wa watu wote kila walipozama na kuibuka. Wazazi wengine walimwona, wakadhani ni mfanyakazi. Hadi jioni alikuwa anawalindia watoto wao pia.

Kesho yake baada ya chai ya asubuhi alifunga kilemba. "Nimewaona, nimelala, nimekula. Sasa nirudi, kuku wangu hawajui kukaa na kaka yako."

Nilitoka koridoni nikampigia kaka. Nilisikia nyundo, kisha yeye akihema. Mabati yote yalikuwa chini, lakini mbao za juu wamekuta zimeliwa na mchwa, wamefuata nyingine. "Mzuie," akasema. "Nyumba haina kichwa. Akija sasa hivi ataona mbingu kutokea kitandani kwake, na mimi sitakuwapo kujibu."

Niliogopa kweli. Nilijua akiikuta nyumba vile atawafukuza mafundi na kulala humohumo, na ziwa lilikuwa limeshaanza kujaza mawingu. Nilirudi chumbani nikitunga uongo, nikamkuta amekaa, amefungua tena kilemba.

"Ningeondoka," akasema kwa sauti ya mtu aliyeonewa kidogo, "lakini hawajanirudishia kikapu."

Hapa inabidi nieleze. Kwetu, ukimpelekea mtu kikapu, hukidai. Mwenyeji atakula ulicholeta, nawe utakula naye, kisha siku ya kukuruhusu atakurudishia kikapu kikiwa na kitu ndani, hata kama ni chumvi tu. Kukiomba ni aibu yako. Kukirudisha kitupu ni tusi, ni kumwambia mtu asirudi. Kwa hiyo mama alikuwa amefungwa pale kwa kamba isiyoonekana, na kamba yenyewe kaileta mwenyewe kutoka Muleba! Nilitaka kucheka na kupiga magoti. Nilishuka ngazi mbiombio, sikusubiri lifti.

Binti wa Kashozi hakuwa zamu. Alikuwapo kaka mmoja mrefu, mchangamfu kupita kiasi. Nikamwambia, tafadhali, kile kikapu cha mama msikirudishe kwanza.

"Usijali, dada," akasema. "Tumeshakipeleka chumbani."

Nilipanda ngazi zile tena. Nilimkuta mhudumu mlangoni kwetu, mkono juu, anataka kubisha. Nikamnyang'anya kikapu. Akaniomba radhi, nami nikamwomba radhi, tukasimama tunaombana radhi kwa kunong'ona, kisha akaondoka nacho. Kabla ya chakula cha mchana kikapu kililetwa tena, safari hii na mtu wa usafi aliyekikuta stoo akaona huruma. Nikakisukuma chini ya ngazi. Mlinzi akakiokota, akauliza cha nani, akaelekezwa chumbani kwetu; nikamdaka mlangoni, nikamwomba akipeleke jikoni. Sijawahi kuona watu wanaojali namna ile. Ningekuwa nimepoteza cheni ya dhahabu ningewashukuru. Lakini siku ile nilikuwa nawaombea wawe wazembe kidogo, kama hoteli nyingine, na hawakuweza.

Asubuhi iliyofuata tulikuwa tunakunywa chai katika ukumbi wa chakula. Mlango wa jiko ukafunguka, akatoka yule kaka mrefu anasukuma toroli, na juu ya toroli, peke yake, kikapu. Walikuwa wamekiosha. Walikuwa wamekikausha na kukifunga utepe mweupe kwenye mshikio. Alikiweka mbele ya mama kwa mikono miwili.

Mama alichungulia ndani. Hakukuwa na kitu.

Sijui niseme nini juu ya uso wake. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. Alikuwa kama mtu aliyeambiwa jambo mbele za watu. Aliweka kikombe chini, akafuta midomo kwa kitambaa cha pale, akasema polepole, "Twende. Wamechoka na sisi." Kisha chini zaidi, akianza na "mama wee" ya Kihaya, "Mawe, hata chumvi."

Binti yangu akaniuliza kwa sauti, "Mama, kwani bibi amefukuzwa?" Ukumbi mzima ukageuka. Nami nikawa nafikiria nyumba isiyo na paa, na mawingu, na kile kifua.

Binti wa Kashozi alikuwa ndiyo kwanza anaingia zamu. Alitazama toroli, akatazama kikapu, akatazama mama, na nikaona rangi ikimtoka. Aliinua gauni lake la kazi kidogo, akapiga goti pale kwenye zulia, mbele ya wageni na vikombe vyao.

"Waitu mama, tusamehe. Huyu si wa huku, amekosea kukileta. Hatujakurudishia kikapu. Hata ndizi zako hatujala bado. Tulikuwa tunakusubiri utuoneshe zinavyopikwa."

Akakiondoa mezani kabla mama hajajibu. Mama akanigeukia mimi. "Hawajala?"

"Hawajala," nikasema, kwa sauti ya mtu aliyeokolewa majini.

"Kumbe. Ndiyo maana." Akainuka kwenda jikoni.

Mpishi mkuu alikuwa mtu wa Tanga, mpole, mnene, na tayari alikuwa ameandaa nazi. Mama aliiona nazi ile akashika kiuno. "Mwanangu, ndizi hizi zimekukosea nini?" Wakabishana vizuri. Mwishowe ndizi zilipikwa na maharage, dagaa wakaungwa pembeni, zikafunikwa kwa jani, na mpishi akaruhusiwa kuonja na kukubali kwamba ameshindwa. Meneja aliitwa. Kijana wa mataulo alikuja. Walikaa na mama, wakala kwa mikono naye, na mama akawa anawasogezea sehemu nzuri kama vile wao ndio wageni. Katikati ya chakula simu yangu ikalia. Kaka alisema maneno mawili tu, "Paa tayari." Nilitoka nje nikalia kidogo karibu na bwawa la watoto, kwa furaha na kwa uchovu.

Tulipoondoka kikapu kilirudi kizito: sukari, majani ya chai, mkate, sabuni ndogondogo nyingi sana, na lile taulo la bata likiwa bado bata. Mama alisimama mlangoni hadi meneja alipoelewa kwamba mgeni husindikizwa. Wakatembea wote wawili kupita geti, wakiongea, mimi na gari tukiwafuata nyuma pole pole hadi barabara kuu.

Tulipofika Muleba, dereva wa gari nililokodi alisimama uani akaacha injini inanguruma, kwa kuwa nilikuwa nimepanga kumshusha mama na kuendelea na mtoto hadi Mwanza siku ileile. Likizo ilikuwa bado ipo, lakini nilikuwa na mambo yangu. Paa lilikuwa linang'aa, la maruni. Kaka alikuwa amesimama chini yake, nyundo mkononi, sura ya mtu anayesubiri hukumu.

Mama hakushuka. Alilitazama lile paa kupitia kioo.

"Mabati ya zamani nimeyatunza, Mama," kaka akasema. "Yako pale, nyuma ya jiko."

"Nimeyaona." Alikumbatia kikapu chake. "Nyumba yangu mmeichukua ikiwa na bati la baba yenu. Wale wa hoteli si ndugu zangu, wamenirudishia kikapu na sukari. Nyie watoto wangu mmenirudishia nyumba ina nini ndani?"

Mimi nilifikiria hoja zote za daktari, mbao, mchwa, kifua, na zote zilikuwa za kweli, na hakuna hata moja iliyokuwa jibu. Nilishuka. Nilizunguka nyuma ya gari, nikatoa begi langu na la mtoto, nikamwambia dereva aende. Nikayapeleka mabegi ndani, nikayaweka chini katikati ya sebule, pale ambapo kila masika ilikaa sufuria.

Ndipo mama akashuka.

Alizunguka vyumba vyote. Alipanga sabuni za hoteli dirishani. Mvua ilianza kabla hatujamaliza kunywa chai, ikateremka kwa nguvu, na sote tukaangalia juu kwa mazoea tukitafuta matone. Hayakuja. Mama alitega sikio.

"Lile la baba yenu lilikuwa linaongea Kihaya," akasema. "Hili linaongea Kiswahili."

"Litajifunza, Mama."

"Basi mkae mpaka lijue."

Tulikaa. Siku ile, kwa mara ya kwanza tangu niikumbuke, sufuria ya sebuleni ilipikiwa ndizi.