Mama Ulimi na Mumewe Dereva

Kiwandani walimwita Mama Ulimi, na si kwa umbea. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kuonja sharubati kabla haijatiwa kwenye chupa. Alionja kijiko kimoja, akatema kwenye beseni, akasema, "Sukari imezidi," na mafundi wakarudi kwenye mitambo bila kubisha. Mumewe, dereva wa lori la kiwanda hichohicho, alipenda kuwachekesha wenzake: "Mimi nyumbani siwezi kudanganya hata kuhusu sukari ya chai."

Kisha kiwanda kikaungana na chama kidogo cha akina mama wa mtaani, kilichokuwa kikifundisha watu kula na kunywa kwa afya. Kiwanda kilitoa vifaa na kupunguza sukari kwenye vinywaji vyake. Chama kilitoa watu wanaoaminika. Mama Ulimi akaazimwa siku tatu kwa wiki. Kwenye ukumbi wa zahanati aliweka soda mezani, kando yake akachota kiasi cha sukari iliyomo, kijiko baada ya kijiko, mpaka watu wakaguna. Walimpenda, maana hakuwa na makuu. "Siwakatazi utamu," aliwaambia. "Nataka tu mjue mnameza nini."

Nyumbani, dereva akaanza kukonda. Alikunywa maji kama aliyetoka jangwani.

"Baba, una nini?"

"Joto la kwenye lori, mke wangu. Ungekaa mle ndani saa moja tu, ungeniuliza?"

Akaanza kuchechemea. Alisema kreti limemwangukia mguuni, naye mkewe akaamini. Asubuhi moja, akiloweka nguo, Mama Ulimi akakuta soksi imegandamana kwa usaha. Alimfuata mumewe mlangoni, akapiga magoti, akamvua kiatu kwa nguvu. Chini ya kidole gumba palikuwa na kidonda cheusi.

Hospitalini daktari alipima, akauliza, "Sukari hii umeijua lini?"

Dereva akatazama ukutani. "Mwaka wa pili sasa. Nilipimwa safarini."

"Mwaka wa pili?" Mama Ulimi akashika ukingo wa kitanda. "Nasi tunalala pamoja? Dawa je?"

"Dawa zinatolewa zahanati ileile unakofundisha. Nikipanga foleni pale, watu watasemaje? Mwalimu wa sukari, mumewe ana sukari. Sikutaka wakucheke, mke wangu."

"Wangecheka," akasema. "Wangecheka, wakachoka, wakaenda zao. Wewe ungekuwa mzima."

Walimkata mguu, lakini sumu ilishaingia kwenye damu. Siku ya kumi na moja Mama Ulimi alishuka kumwoshea kikombe. Aliporudi, muuguzi alikuwa akivuta pazia.

Baada ya msiba, mwenyekiti wa chama alikuja na meneja wa kiwanda kumpa pole. Walimwambia apumzike kadiri atakavyo. Alikaa ndani miezi miwili. Siku aliyorudi kazini, mafundi walimletea kijiko kama zamani. Akaonja. Akaonja tena. Walisubiri.

"Sijui," akasema. "Sisikii kitu."

Walidhani ni uchovu, lakini wiki zikapita na kila kinywaji kikawa maji matupu kinywani mwake. Kijiko akapewa mwingine. Meneja alimuuliza angependa kazi gani, naye akaomba jambo moja tu: vipimo vya sukari vihamie kutoka zahanati hadi kwenye uwanja wa malori, asubuhi kabla ya safari, madereva wasilazimike kupanga foleni mbele ya mtaa mzima. Kiwanda kikatoa meza na turubai, chama kikaleta muuguzi.

Siku ya kwanza madereva walijikunyata mbali, kila mmoja akimsukuma mwenzake. Aliyetangulia alikuwa rafiki wa marehemu, mtu mnene wa mizaha mingi. Muuguzi alimchoma kidole, akatazama kipimo, akakiweka mbele yake: sukari ilikuwa juu. Mizaha ikamwisha.

"Shemeji," akanong'ona, "mke wangu asijue. Tafadhali."

Machozi yalimshuka Mama Ulimi, hakuyafuta.

"Yuko wapi saa hizi?"

"Nyumbani."

"Mkabidhi mwenzio funguo za lori. Tunakwenda kumwambia sasa hivi, mimi na wewe."

Yule bwana alisita, kisha akazitoa funguo mfukoni. Wakatoka getini pamoja kwa miguu.