Radhi ya Sikuzani

Asmani alikamua mawese huko Gatete miaka mingi, mpaka nguo zake zote zikawa na rangi moja na sabuni zikakata tamaa. Mwaka jana ini lake likaota uvimbe. Muganga wa hospitali ya Bujumbura aliutazama kwenye picha, akamrudisha nyumbani Rumonge kwa upole mwingi. Upole wa waganga si dalili nzuri.

Binti yake Nadia, anayesoma biolojia chuo kikuu, alimweleza mama yake Sikuzani ufukweni, wakianika ndagala.

"Mama, chembe za mwili zinajua kufa. Iko protini moja, inaigusa chembe ya uvimbe, inaiamuru ijiue. Lakini nyingine zinagoma."

"Waiongeze nguvu, basi."

"Wamejaribu huko Ulaya. Panya walipona."

"Na watu?"

Nadia akainama kugeuza samaki.

"Panya wa wazungu wana bahati," alisema Sikuzani.

Huku kwetu mgonjwa akiona hali si hali, huita watu awaombe radhi. Majirani walikuja, wakasamehe. Amuri, ambaye mbuzi wake aliwahi kupigwa jiwe na Asmani, alisamehe hata kwa niaba ya mbuzi. Mke peke yake alikataa. Maneno ya Nadia aliyaelewa kwa namna yake: kitu hakifi mpaka kiambiwe. Basi yeye hatamwambia.

"Mama Nadia, niwie radhi."

"Ngoja kwanza, ndagala zitaharibika."

"Kila siku ndagala?"

"Uliniahidi mabati, ukanunua redio. Nikusamehe hivi hivi tu?"

Asmani alicheka, na kucheka kukamuumiza. Aliendelea kuomba hata sauti ilipokwisha, kwa macho.

"Papa anateseka," Nadia alimwambia mama yake. "Mwambie."

"Nikimwambia ataenda."

"Ataenda tu, Mama."

"Wewe umesoma panya. Mimi nimeishi naye."

Alikufa mchana, Sikuzani akiwa ufukweni, akigeuza samaki waliokwisha kukauka.

Wanaume walipoinua jeneza, alisimama mlangoni akawazuia njia.

"Papa Nadia, nimekuwia radhi. Yote. Unasikia? Nimekuwia radhi."

"Amesikia, dada," alisema Amuri.

"Mbona hajibu?"

Walisimama na jeneza mabegani, wakangoja kidogo, kwa adabu.