Anawapima wanaoruka bonde, mwenyewe bado

Saa mbili kasorobo asubuhi. Ukungu bado umelala bondeni, na Hedwiga Ndunguru anabishana na mwanamume mzima kuhusu uzito wake.

"Kilo tisini na nane," anasema mgeni huyo, mfanyabiashara aliyetoka Songea na familia yake. "Nilipima juzi tu."

"Panda, baba, tuone."

Mizani inasema mia moja na kumi na tatu. Mwisho unaoruhusiwa ni mia moja na kumi. Mgeni anavua viatu. Anavua mkanda wa suruali, anatoa simu mbili na rundo la funguo. Mizani inashuka hadi mia moja na kumi na moja na kugoma hapo hapo. Anamtazama Hedwiga kwa jicho la kuomba.

"Sasa utavua nini tena, baba yangu?" anauliza Hedwiga, na mke wa mgeni anageukia pembeni kuficha kicheko. "Kaa hapa uwapige watoto picha. Chai ipo."

Hapa ni kilima cha Lukanguo, kando ya barabara inayoteremka kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay. Waya mnene wa chuma umefungwa kutoka karibu na kilele hadi ng'ambo ya bonde, kama mita mia saba hivi. Watu hulipa ili wafungwe mikanda, waning'inizwe kwenye kapi na kuteleza juu ya mashamba ya watu, Ziwa Nyasa likionekana kwa mbali. Matangazo ya kampuni yana jina refu la mchezo huo. Wenyeji wanauita waya, basi.

Kazi ya Hedwiga, mwenye umri wa miaka hamsini na mbili, ni kuamua nani ana afya ya kuruka na nani abaki na chai. Ameifanya kwa miaka mitatu, tangu waya ulipofunguliwa. Kabla ya hapo alipima kahawa kwenye chama cha msingi kwa miaka kumi na minne, na anasema binadamu na gunia havitofautiani sana, isipokuwa gunia halijitetei.

"Kule nilikuwa natafuta mawe, maana kuna waliotaka gunia liwe zito," anasema. "Hapa kila mtu anataka kuwa mwepesi. Nikimwangalia mtu anavyoshuka kwenye gari, kilo zake ninazo tayari."

Ila uzito ndiyo sehemu rahisi. Kutoka maegesho hadi jukwaa la kurukia kuna ngazi za udongo mia moja na arobaini, na Hedwiga husimama kwenye ile ya juu kabisa. Mgeni akifika tu, anasalimiwa. Za safari? Za nyumbani? Watoto hawajambo? Na kazi, na wazee, na mvua huko mlikotoka? Wageni wengi hudhani huo ni ukarimu wa Wamatengo, na wanamsifu kwa hilo.

Kumbe anasikiliza pumzi. Anayejibu salamu zote bila kukatika anapelekwa kwenye mizani. Anayekatikia njiani anapewa kigoda, anapumzika robo saa, kisha anafungwa mashine ya presha mkononi. Mwandishi wa makala haya, ambaye hujisifu kwa kutembea, alifika kwenye "za nyumbani" akaishiwa kabisa. Alikaa kigodani akiwa mpole sana.

Utaratibu huo haukuandikwa na kampuni. Hedwiga aliubuni mwenyewe, baada ya kosa ambalo mpaka leo likitajwa anashusha sauti.

Mwaka wa kwanza alikuja Nazari, mwalimu mstaafu aliyemfundisha darasa la nne. Fomu ya afya ina maswali kumi na mawili, ya moyo, kifafa, mgongo na mengineyo. Hedwiga alimpa shikamoo, mzee akaitikia marahaba. Akamuuliza kama ni mzima, akajibiwa mzima kabisa. Akaweka alama kwenye maswali yote kumi na mawili bila kuyasoma.

"Wewe unazijua salamu zetu," anasema. "Hata mtu aliyetoka hospitali asubuhi atakuambia nzuri kwanza. Ukitulia kidogo ndipo anasema, ila huyu mtoto hajalala, ila mguu huu unanisumbua. Mimi sikutulia. Ningemsimamisha mwalimu wangu nimuulize kama moyo wake unapiga vizuri? Niliona aibu."

Moyo wa mwalimu haukuwa unapiga vizuri. Alifika ng'ambo amelegea, macho yamefumba, akabebwa kwa machela hadi barabarani na kulazwa siku mbili. Alipona, na sasa kila akimpata mtu wa kuja huku humtumia Hedwiga salamu za utani. Hedwiga hacheki. Tangu siku hiyo hamuulizi mtu kama ni mzima.

Swali ambalo kila mgeni humuuliza yeye ni moja: je, huko juu kukoje? Jibu lake huwashangaza. Hajui. Hajaruka hata mara moja.

Mwaka wa kwanza wafanyakazi wote walipewa siku yao ya kuruka bure. Yeye alijificha jikoni. Si kwa woga. Mikanda ya waya hupita katikati ya miguu, na sharti mtu avae suruali. Waya wenyewe unapita juu ya shamba la kaka yake, Tarsisi, ambaye mchana kutwa yuko humo na jembe, mara nyingine pamoja na wakwe zake.

"Nipite juu ya kichwa cha kaka yangu na wakwe zake nimevaa suruali?" anauliza Hedwiga, na hapa anacheka mwenyewe. "Nikasema mwakani. Mwakani nikasema mwakani. Waya haukimbii, nilijua nitauruka tu."

Ni shamba hilo hilo analotaka kuliona. Alizaliwa kando yake, na tangu akiwa na miaka minane amechimba humo ngolo, yale mashimo ya Wamatengo yanayoshika mvua na udongo visiporomoke mteremkoni. Wanaume hufyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatana. Wanawake huinama, huchimba katikati ya mistari na kuyafukia majani kwa udongo, mpaka kilima kizima kinajaa mashimo yenye kuta. Tarsisi alilaza majani. Hedwiga na mama yao walichimba. Mama alipofariki, Hedwiga akaendelea kuja kila msimu kutoka kwa mume wake, vijiji viwili kutoka hapo.

"Miaka arobaini na nne nimeyachimba nikiwa nimeinama," anasema. "Ukiwa ndani ya shimo unaona shimo. Wageni wanarudi huku wananiambia, mama, kule chini kuna kitu kama mkeka, nani amesuka? Mimi nawaitikia tu. Natamani mpaka kifua kinaniuma. Ni mimi niliyesuka, na sijauona."

Kutoka jukwaani shamba halionekani, bega la kilima limelificha. Wageni wamejaribu kumwonyesha picha kwenye simu. Huwa anafunga macho, anawarudishia simu na kuwashukuru. Anasema picha itamwibia siku ya kujionea mwenyewe.

Mwaka huu aliamua aibu basi. Alinunua suruali ya bluu mnadani. Lakini mwezi wa tatu, wakati wa kuchimba, akashikwa na kizunguzungu katikati ya shamba. Zahanati ikakuta presha mia moja na themanini kwa mia moja na kumi. Akapewa vidonge, akaambiwa jembe aliache. Kanuni ya waya inasema anayezidi mia moja na arobaini kwa tisini haruki. Kanuni hiyo anaijua kuliko mtu yeyote, kwa kuwa ndiyo anayowakatalia nayo wenzake.

Kila asubuhi kabla ya wageni hujifunga mashine mwenyewe na kuandika kwenye daftari lile lile la wageni. Amepunguza chumvi. Chai anakunywa ya rangi, bila sukari. Ngazi anazipanda mara mbili. Tangu mwezi wa nane anafika kazini amevaa ile suruali chini ya kitenge, ili siku namba ikikubali asipoteze muda. Kurasa zinaonyesha mia moja na sitini na moja, mia moja na hamsini na tano, mia moja na arobaini na tisa.

Na muda ndio hana. Tarsisi amenunua miche ya parachichi. Maharage yamevunwa, na mvua zikianza shamba lote linageuzwa. Ngolo zitasawazishwa na hazitachimbwa tena, kwa sababu mchimbaji ameambiwa aache jembe na mke wa Tarsisi ana mtoto mchanga.

Je, amemwambia kaka yake anachokitamani?

Hedwiga anatikisa kichwa. "Nikimwambia ataacha," anasema. "Namjua. Ataiacha hiyo miche ikauke, na ana watoto wanne wa kusomesha. Shamba ni lake. Niende nimwambie aache kula kwa sababu mimi nataka kuangalia?"

Siku ya pili ya ziara, mwandishi alijibu salamu zote mpaka za mvua. Hedwiga alimpima, akamgeuza huku na huku, akampitisha. Meshack Komba, fundi anayefunga mikanda, alimkagua mara mbili na kumwachia. Kuna upepo, kuna kelele za kapi, halafu kwa muda mfupi kuna shamba la Tarsisi. Hedwiga ameomba lisielezwe hapa, maana gazeti hufika kwenye duka la jirani yake, na yeye Hedwiga anajua kusoma. Ombi hilo limeheshimiwa.

Lakini kulikuwa na jambo moja lisilofichika. Upande wa chini, karibu na kijito, mwanamume mmoja alikuwa na jembe. Mistari mitatu ya ngolo ilikuwa tayari imesawazishwa, na mahali pake kulikuwa na mashimo ya miche.

Kurudi kwa miguu huchukua karibu saa nzima. Hedwiga alikuwa akisubiri kwenye ngazi yake ya juu. Safari hiyo hakuuliza za nyumbani.

"Mashimo yangu yapo?" aliuliza.

"Yapo, mama. Ila kaka ameshaanza chini, kwenye kijito. Mistari mitatu."

Alishika nguzo ya jukwaa. Kisha akasema, "Alisema atangoja mvua." Hakulia. Alikwenda kwenye kigoda cha wageni, akaketi, akatulia robo saa kama anavyowalazimisha wengine, akajifunga mashine.

Mia moja na arobaini na mbili kwa tisini na moja. Tangu mwezi wa tatu haijawahi kushuka hivyo.

Meshack aliinama kuangalia. Ni mtu wa miaka thelathini na tano, na humwita Hedwiga mama kama wafanyakazi wote hapo. "Mama, andika mia na thelathini na nane kwa themanini na nane," alisema kwa sauti ya chini. "Mikanda iko tayari. Dakika mbili tu umeshafika. Nani atajua?"

"Yule baba wa jana alibakiza kilo moja," alijibu Hedwiga. "Nilimnywesha chai."

Akaandika mia moja na arobaini na mbili kwa tisini na moja, kwa kalamu ya bluu, tarakimu zake za enzi za kupima kahawa, kubwa na zimesimama. Meshack alirudi kwenye mikanda yake.

Wageni wa saa nne walikuwa wanaanza kupanda ngazi, sauti zao zinasikika. Hedwiga aliinuka, akafunga kitenge vizuri, na kabla ya kwenda kuwasalimu akasema amebadili mawazo. Jumapili baada ya misa atapita kwa Tarsisi. Hatamwomba aache parachichi. Atamwomba aendelee kupanda miche kutoka chini kama alivyoanza, mistari ya juu aifikie mwisho, na ile kumi ya juu kabisa aiache mpaka Krismasi. Yeye atakuwa anapanda ngazi mara tatu badala ya mbili.

"Na akiuliza ni ya nini, sitamzungusha," anasema. "Nitamwambia, kaka, nataka kuiona kazi yangu."