Bega Langu na Blauzi ya Kanisani

Mimi ndiye niliyewaambia watu wa kilima chetu kwamba sindano ya chanjo haina shida. Nilikuwa mhamasishaji wa afya, nikipita nyumba kwa nyumba na megafoni, na rafiki yangu wa kwaya alinifuata na karatasi za majina. Watu walipoendelea kusitasita, tulikubaliana nidungwe wa kwanza, mbele ya wote.

Kosa langu lilikuwa kutaka kupendeza. Nilivaa blauzi yangu ya kitenge ya kanisani, ile ambayo fundi wa Ngungu aliibana mikono kwa majivuno yake yote. Mkono wa blauzi ukakataa kukunjika. Kuivua mbele ya wakwe zangu haikuwezekana. Rafiki yangu akaishika kola, akaivuta mpaka bega likachungulia, na muuguzi akadunga palepale palipoonekana, juu kabisa, karibu na mfupa. Nilitabasamu kama mjinga, na watu wakapanga mstari.

Kesho yake sikuweza kuinua jembe. Nikasubiri maumivu yaishe, hayakuisha. Msimu wa maharagwe binti yangu alilima peke yake, na hata kitambaa cha kichwa nilifungwa na yeye. Daktari mmoja wa Goma alipiga picha ya bega akaniandikia kwamba sindano ilikosea mahali. Chanjo yenyewe sikuilaumu, wala leo siilaumu. Nililaumu mkono uliodunga, na kituo cha afya kilichojifanya hakinijui.

Mkuu wa kituo alifungua rejista yake polepole.

"Mama, pengine ulianguka mu shamba. Hapa hakuna kitu ya sindano mubaya."

Nilitoka kwa hasira, nikapanda moto, pikipiki ya abiria, hadi Masisi kwa avoka, yaani wakili. Nilitaka fidia: nitibiwe Goma hadi nipone, na mtu wa kunilimia wakati huo. Avoka akasoma barua ya daktari, akasema haitoshi, kwa sababu kituo kitasema nilidungwa vizuri.

"Tafuta mutu mwenye alionaka kwenye sindano iliingia."

Nilicheka. Shahidi nilikuwa naye, tena tangu usichana wetu.

Rafiki yangu hakusita. Tulikuwa jikoni kwake, tunamenya maharagwe, mimi kwa mkono mmoja. "Mama, nilionaka na macho yangu," akasema. "Miye njo nilivuta kola. Nitasema."

Siku ya kesi alivaa vizuri kuliko mimi. Jaji akamwuliza sindano iliingia wapi. Akatazama viatu vyake.

"Papa Juge, sikuonaka. Nilikuwa nahesabu batu."

Nilidhani nimesikia vibaya. Jaji akarudia swali, naye akarudia jibu lilelile, safari hii kwa sauti ya kwaya. Kesi yangu ikaishia hapo. Wiki ileile kituo kilimpa megafoni yangu na fulana yangu ya uhamasishaji, ambayo hata inambana tumboni. Niliumia kuliko nilivyoumia bega, na sioni haya kusema hivyo.

Mwaka uliofuata binti yangu akapata mimba, akaenda kudungwa sindano ya pepopunda. Kituo ni hicho kimoja. Nilichelewa njiani, nikafika mlangoni wakati muuguzi mpya ameshashika sindano. Rafiki yangu alikuwa amesimama kando ya binti yangu, amenipa mgongo.

"Ngoja," akamwambia muuguzi. Akaweka vidole vitatu chini ya mfupa wa bega la mtoto wangu, akapima. "Shusha hapa. Kule juu inaharibu mukono."

Muuguzi akashusha, akadunga. Nilishukuru Mungu kwa ajili ya mwanangu, kisha nikaingia.

"Basi ulionaka," nikamwambia.

Hakugeuka. Vidole vyake vitatu vilibaki pale pale kwenye mkono wa binti yangu, ingawa sindano ilikuwa imeshatoka.