Redio Niliyomwashia Binti wa Jirani

Nimemkosea Mama Mwanaidi, tena mbele za watu.

Leo nimesimama kwenye mashine ya kusaga hapa Mashewa, barakoa iko kidevuni, namfokea:
"Shule zimefungwa kwa corona, masomo hayajafungwa! Wenzake wanasoma kwa redio, wa kwako anachambua maharage!"

Watu wakacheka. Nami nikavimba kama diwani.

Sikuishia hapo. Nikabeba redio yangu hadi uani kwake, nikaifungulia sauti mpaka mwisho.

Binti hakugeuka hata shingo.

"Baba Rashidi," mama yake akaniuliza taratibu, "hiyo unamwashia nani? Mwanaidi hasikii tangu azaliwe."

Jirani mzima mimi! Kila likizo akirudi kutoka bweni haniamkii, nikasema hana adabu.

"Shuleni wanaongea kwa ishara," akasema. "Hapa hana wa kuongea naye. Ameshaanza kuzisahau."

Na nyie mliocheka mashineni, wengine mlijua. Mlikuwa mnamcheka nani? Semeni hapa kundini.

Mwalimu wake yuko Korogwe, nimeshampigia. Jumamosi asubuhi namfuata kwa pikipiki yangu, aje akae na Mwanaidi pale uani. Nami nitakaa hapo hapo nijifunze ishara.