Amekula Chumvi Nyingi

Mpishi mkuu wa ule mgahawa wa Kitaliano, wenye mishumaa na vitambaa vyeupe mezani, hapimi kwa kijiko. Hupima kwa vidole vitatu vilivyopauka kwa chumvi hadi kwenye kucha. Kabla sahani haijatoka jikoni, huchovya kidole kidogo kwenye mchuzi, hukilamba, hufumba macho kama anayesikiliza mtu wa chumba cha pili, kisha husema, "Bado kidogo," na kuongeza. Mhudumu, binti anayemwita baba, zamani alikuwa akimtania: mzee amekula chumvi nyingi, sasa anatulisha na sisi. Siku hizi hatanii. Tangu mzee augue yale mafua mabaya, "bado kidogo" haiishi, na meza tupu zinazidi.

Leo mume na mke waliokuja kusherehekea ndoa yao walionja tambi mara moja tu, wakaweka uma chini. "Mpelekee aliyepika, ale mwenyewe," mume akasema. Binti akapeleka. Mpishi akala taratibu, akitafuna kama mtu anayetafuta kitu kilichompotea mdomoni, mpaka sahani ikabaki nyeupe pe. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, ambayo binti hakuwahi kuisikia, "Mwanangu, niambie kweli. Ina nini?"

Binti akaichukua ile sahani tupu, akakwepa macho yake.

"Haina kitu, baba."

Mzee akashusha pumzi. "Hata mimi naona haina kitu kabisa," akasema, na vidole vitatu vikarudi kwenye kopo la chumvi.