Ademma, Mpishi wa Roketi, na Uzi Wake wa Manjano

Kitendawili, msomaji wangu. Sema tega. Nyumba yangu, hata bibi harusi huingia bila pambo. Usiseme kaburi, maana waingiao humu hutoka jioni wakaenda kupika. Umeshindwa? Basi nipe mji. Mji nimeupokea, nimekaa, nimekula na wali wake. Jibu lako hili hapa: ni nyumba yanamopikwa mafuta ya roketi.

Saa moja kasoro robo asubuhi, Ademma anafika kwenye mlango wa nyumba hiyo, kisiwani Sriharikota, pwani ya India. Hereni ameziacha nyumbani. Kipini cha pua kimo kabatini pamoja na bangili na pete za vidole vya miguu. Nguo yake ni pamba tupu, na badala ya vifungo ina vitanzi vya kitambaa. Anakanyaga bamba la shaba lililolazwa kizingitini, anashika nguzo ya shaba ukutani, ili umeme wowote uliojificha mwilini ushuke ardhini. Ndipo anaingia.

"Cheche moja ya nguo ya nailoni," anasema, "na sisi tutafika angani kabla ya roketi."

Mafuta yanayopikwa humo si ya kumiminwa kama mafuta ya taa. Ni chumvi nyeupe na unga wa alumini, vinavyokandwa pamoja na kitu kizito kama utomvu wa mpira, ndani ya bakuli kubwa kuliko kisima cha kijiji, mpaka viwe kinyunya cha kijivu. Kinyunya humwagwa ndani ya mwili wa roketi, kikaachwa kwenye joto la taratibu hadi kiwe kigumu kama kifutio cha penseli. Kinachobaki kwenye bakuli hukwanguliwa kwa miko ya mbao. Hiyo ndiyo kazi ya Ademma na wanawake wenzake.

"Nyumbani nakwangua sufuria ya wali, hapa nakwangua sufuria ya mwezi," anasema, mwiko begani kama mtu anayerudi shambani. "Tofauti ni kwamba ukoko wa hapa hauliwi."

Ana umri wa miaka arobaini na mmoja. Aliolewa Sullurpeta, mji ulio ng'ambo ya ziwa la maji ya chumvi, katika nyumba ambayo roketi ni kama jamaa. Baba mkwe wake alikuwa miongoni mwa vibarua waliofyeka mivinje pale zinaposimama roketi leo. Mzee huyo hakuchoka kusimulia ile kubwa ya kwanza ilivyopaa kidogo ikajitupa baharini, na watu sokoni wakapata la kusema: serikali imeanza kuwapiga samaki fimbo.

"Alikuwa akiwajibu, ngojeni, mtoto huanguka kwanza ndipo atembee," Ademma anakumbuka. "Mtoto akatembea. Akafika mwezini, akafika na Mirihi. Wale wa sokoni siku hizi ndio wanaogombea nafasi ya juu ya paa siku ya kurusha."

Yeye mwenyewe aliingia kiwandani miaka kumi na minne iliyopita. Kuingia hakukuwa rahisi, na kizuizi hakikuwa chuma wala baruti. Kilikuwa tali.

Tali ni kidani ambacho mume humfunga mke shingoni siku ya harusi, mbele ya watu na moto. Mke haivui. Huivua siku moja tu, na siku hiyo huwa hakuivua mwenyewe: huvuliwa, mume akiwa maiti aliyelazwa uani. Tali ya Ademma ilikuwa ya dhahabu kwenye mkufu wa dhahabu, na kiwanda hakiruhusu hata pini.

Mama mkwe wake, Polamma, alipolisikia sharti hilo aliweka chini bakuli la dengu.

"Yaani kila asubuhi unamzika mwanangu, kila jioni unamfufua?"

"Mama, ni kazi."

"Hata kuchimba kaburi ni kazi."

Lakini Polamma ndiye aliyepata njia. Enzi za ukame aliwahi kuweka rehani dhahabu yake, akavaa shingoni kipande cha mzizi wa manjano kilichofungwa kwa uzi wa pamba uliopakwa manjano, kama wafanyavyo wanawake wasio na kitu. Mbele ya miungu ni tali kamili. Haina chuma, haina nailoni. Injinia wa usalama, Bi Vasundhara, aliigeuza mkononi, akainusa, akasema mdudu huyu anaweza kuingia, ila akae ndani ya nguo.

Basi kwa miaka yote hiyo Ademma amekwangua bakuli la roketi na ndoa yake kifuani, ikinukia mchuzi.

Mwezi uliopita aliinama juu ya bakuli, kinyunya kikiwa tayari kumwagwa. Uzi ulikuwa umechakaa. Kipande cha manjano kilichomoka kifuani, kikaning'inia juu ya kinyunya kama chambo. Hakikuanguka. Wala hakuna aliyekiona.

Angeweza kukirudisha ndani akanyamaza. Alikwenda kwa Bi Vasundhara kabla hata ya kunawa mikono.

"Yaani unajishtaki mwenyewe?" injinia alimuuliza.

"Injinia, bora nijishtaki mimi kuliko nishtakiwe na moto."

Anaeleza kwa mkono, kama mtu anayeonyesha chapati iliyopasuka. Kitu kigeni kikizama kwenye kinyunya, kinyunya kikigandamana huacha ufa. Moto ukiukuta ufa hukimbilia mahali usipotakiwa, na roketi iliyobeba kazi ya watu ya miaka hupasuka mbele ya macho yao. "Manjano ni tamu kwenye mchuzi," anasema. "Kwenye roketi ni msiba. Hilo halihitaji kubishaniwa."

Wiki iliyofuata Bi Vasundhara alimwita tena. Nyumba mpya, yenye bakuli kubwa zaidi, ingefunguliwa Jumatatu. Humo hakutaingia uzi wa aina yoyote. Ni shingo tupu kwa kila mtu, awe mke au mwali. Asiyeweza atahamishiwa banda la kuchekecha chumvi, abaki na uzi wake na mshahara wake uleule.

"Na msimamizi wa wakwanguaji nataka uwe wewe," aliongeza. "Nimepata wengi wanaojua kazi. Natafuta anayesema akikosea."

Kwa sasa Ademma hupokea rupia elfu kumi na tisa kwa mwezi. Usimamizi utaongeza elfu nne, na fedha hizo zimekwishapata mwenyewe: binti yake anayesomea ufundi wa mitambo chuoni Nellore. Lakini ukimsikiliza vizuri, si fedha anazozitaja kwanza. "Nimekwangua mabakuli ya wengine muda mrefu," anasema. "Hili nataka liwe langu."

Jioni hiyo aliliweka jambo mezani, penye wali na samaki wa ukwaju. Mumewe, Chenchaiah, ambaye hubeba kambamiti wa mabwawani kwa lori hadi Chennai, alijibu kabla hajameza.

"Naendesha lori, siendeshwi na uzi. Nenda."

"Nyamaza wewe," mama yake akamwambia. "Anayekufa hajui kama amekufa. Anayejua ni mjane." Kisha akamgeukia mkaza mwana. "Ukiivua, itakaa wapi?"

"Kabatini, kazini."

"Kabati la kiwanda ndilo lililokuoa?"

"Basi kwenye rafu ya miungu."

"Panya wa pale wanamaliza nazi ya sadaka, wataacha uzi?"

"Niivae mimi kwenye lori," Chenchaiah akasema.

"Uivae wewe, ujioe mwenyewe? Tukuchangie na mahari?"

Wote walicheka, Polamma naye. Kicheko kilipotulia, akasema taratibu kwamba tali haikai kwenye mbao wala kwenye chuma. Hukaa kwenye mwili wenye damu.

Ademma akaweka chini tonge lake. "Mwili wenye damu unaoshinda nyumba hii ni mmoja tu, mama. Utanishikia?"

Polamma alitazama mikono yake mwenyewe. Akainuka, akanawa, wali wake ukabaki kwenye sahani.

Kwa nini aliinuka, mtaa mzima unajua. Polamma ni mjane. Tangu mumewe afariki, hukaa nyuma kwenye harusi, hata za wajukuu wa dada yake. Bibi harusi akipakwa manjano, yeye hushughulika na vyombo jikoni asije akaitwa kwa bahati mbaya. Mkono wa mjane haugusi tali ya mwenye mume. Wanasema unabeba kilichomkuta. Hakuna aliyemwekea sheria hiyo kwa maneno. Ameishika mwenyewe kwa uaminifu kuliko wote.

Siku zilipita, jibu halikuja. Polamma alilisha kuku, alichambua mchele, alimsimulia jirani kuhusu goti lake.

"Jumatatu nitakwenda, anijibu asinijibu," Ademma anasema Jumamosi, akianua nguo za kazi kambani. "Nimeshaamua, na mume wangu ameridhia. Ila pale ndani hatuingii na chuma, na hatuingii na wazo la nyumbani. Mkono wenye wazo hutetemeka. Nataka jibu lake ili mkono wangu uwe mtulivu. Na nataka," anasita, akikunja suruali, "nataka ajue kwamba mimi siuogopi mkono wake. Ndio ulionilelea watoto."

Watu humwona hodari, na ni kweli. Lakini mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayeubeba ndiye ajuaye uzito.

Jumatatu asubuhi basi la wafanyakazi linapiga honi mwisho wa uchochoro. Ademma amesimama uani, uzi mpya wa manjano kiganjani, shingo yake nyeupe kidogo pale uzi wa zamani ulipozoea kulala. Chenchaiah amejiegemeza kwenye lori, anajifanya anakagua tairi.

Polamma anatoka jikoni akijifuta mikono kwa pindo la sari.

"Basi limefika, mama."

"Nimelisikia. Goti ndilo bovu, si sikio."

Honi inalia tena. Polamma anasogea mpaka mbele ya mkaza mwana wake, anaunyoosha mkono wa kulia, kiganja juu, na haupindishi.

"Shingoni usinifunge," anasema. "Shingo yangu ilishamaliza kazi yake. Funga hapa kwenye kifundo, ukaze. Na jioni ukichelewa nitaifuata shingo yako kwa mkongojo mpaka getini."